Safu ya Mwisho ya Daftari

Haneti, mwezi wa tisa, nyasi zimeshaungua.
Utepe ni uleule, ncha yake nimeishona mara mbili,
na tunapima palepale, usawa wa kifua changu,
ingawa kifua chenyewe kimeshuka kidogo
tangu mwaka ule wa kwanza, nilipokuwa binti
wa kubeba kopo la rangi tu.

Napitisha utepe juu ya pete nyekundu, nasoma, Ndahani anaandika.
Namba kumi na saba, mtundu: tisini na moja nukta nne.
Miaka mitano iliyopita: tisini nukta tisa.
Milimita tano. Ukucha wangu hukua hivyo
kabla miezi miwili haijaisha.

Daftari halina safu ya watu.
Halisemi kuwa kumi na saba ulibanduliwa gome
upande wa machweo, na mjomba Chilongola,
ambaye hakumaliza mzunguko, maana alijua,
akakunja mzinga, akautundika kwenye ishirini na mbili,
na asali yake ikaninunulia sare ya shule.
Kidonda kina midomo. Kila nikija
midomo imesogeleana upana wa kidole,
kama mtu anayetaka kusema na bado hajaamua.

Kuna mwaka mvua ilikata mwezi wa pili,
mtama ukasimama kama njiti za kibiriti,
na miti saba ikapungua.
Nilisoma mara tatu.
Ofisi ya Dodoma ikarudisha fomu:
Mti haupungui. Rekebisha.
Sikurekebisha. Mwaka ule kitenge changu
kilinizunguka mara mbili kikabaki,
na hakuna aliyenirudisha nikarekebishwe.

Safu ya mwisho inaitwa Hali.
H ni hai. K ni kufa. KS ni kufa kwa kusimama.
Hakuna herufi ya mti unaokauka upande mmoja
huku upande wa pili ukichanua,
wala ya kisiki cha namba tisa,
alichokiacha Masinga kwa ajili ya tanuri lake la mkaa,
na leo kina vichipukizi kumi na vinne.
Mbuzi wa Masinga yupo hapa, anatafuna.
Kumi na vitatu.

Nilimuuliza: kwa nini tisa?
Akasema, ulikuwa karibu na njia,
na mgongo unaniuma.

Arobaini na tatu haukuguswa na mtu.
Mnyoofu, ulipanda kila kipimo,
mgeni akija ndio tuliokuwa tukimwonyesha.
Tumeukuta umelala, mizizi hewani,
ndani mchwa watupu.
Ndahani ameandika K, akaipigia mstari.
Sikumuuliza sababu.

Mninga ni habari nyingine.
Mche wake hufa kila kiangazi hadi usawa wa udongo,
mvua za Desemba zikija huanza tena, kimo cha goti,
kisha hufa tena. Miaka minane, kumi,
huku chini mzizi unanenepa bila kumwambia mtu.
Na sisi huja mwezi wa tisa.

Kona ya kaskazini, kwa mwandiko wangu wa usichana:
mche mmoja, mninga, K.
Ukurasa wa baadaye, K.
Wa baadaye tena, K, wino wa bluu.

Leo nimeinua shingo kuutazama.
Utepe umeuzunguka: sentimita ishirini.
Ndahani anauliza namba yake.
Hauna. Wafu hatuwapi namba.

Tumekata kibati kwenye kopo la maziwa,
nimechora kwa ncha ya msumari, sitini na moja,
nikagongomea kwa jiwe.
Msumari ulipoingia utomvu ukatoka, mwekundu,
ukateremka juu ya namba.
Nikaufuta kwa kidole gumba.
Andika H, nikamwambia.
Akanipa kalamu niandike mwenyewe,
na alama ya kidole imebaki pale pembeni mwa herufi.
Ofisi watauliza.